Safari ya Ruiru na Kura ya Vifungo

Sikwenda Ruiru kutembea. Mama alinituma nikamlete ndugu yangu Yona nyumbani kabla hajatiwa ndani. Habari zake tuliletewa na jirani yetu aliyekuwa akifanya kazi ya reli, siku alipokuja likizo. Alituambia Yona amefukuzwa kazi katika shamba la kahawa na kutolewa katika nyumba aliyokuwa akikaa, kwa sababu alisimama mbele ya meneja akasema kwamba wafanyakazi wanataka kumchagua wenyewe mtu wa kuwasemea. Mpaka siku hiyo aliyewasemea alikuwa nyapara, na nyapara aliwekwa na meneja.

Mama hakuona kosa liko wapi, lakini aliiona hatari. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa. Watu kukutana tu kulihitaji ruhusa ya serikali, na upande ule wa Ruiru na Thika watu walikuwa wamechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Jerida," mama aliniambia, "wewe ndiye mkubwa wake, na anakuogopa kidogo. Nenda, wala usirudi bila yeye."

Mume wangu alikuwa ameshafariki, na wanangu walikuwa wamezoea kukaa kwa bibi yao. Nikafunga unga wa wimbi, omena na ndizi mbichi, nikatoka Maragoli kwa basi la asubuhi kwenda Kisumu. Sikuwa nimewahi kupita Kisumu.

Kisumu nilipanda gari moshi, daraja la tatu. Mabenchi yalikuwa ya mbao, na watu walikaa na kuku wao miguuni. Aliyekaa mbele yangu alikuwa seremala wa Butere, mtu mcheshi, na kabla hatujafika mbali alikuwa ameshaniuliza ninakokwenda na kwa nini. Nilipomweleza habari za Yona alitikisa kichwa.

"Ndugu yako anataka kitu ambacho hata mimi sijakipata," alisema. "Katika uchaguzi ule wa Waafrika, mwalimu mkuu wa kwetu alipiga kura tatu. Moja ya elimu yake, moja ya mshahara wake, nyingine sikujua ni ya nini. Mimi ndiye niliyetengeneza meza aliyoandikia, na sikupewa hata moja."

"Na mimi ningepata ngapi?" nikamwuliza.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Basi wewe na mimi ni watazamaji."

Watu wa karibu walicheka. Bibi mmoja aliyekuwa akienda Nakuru akasema amesikia kwamba kule Ghana kila mtu mzima alihesabiwa mmoja, aliyesoma na asiyesoma, na kwamba hao waliohesabiwa hivyo ndio waliomwambia Mwingereza sasa inatosha. Seremala akasema hayo ni ya Ghana. Bibi akamwuliza kama watu wa Ghana wana vichwa viwili. Hapo mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mahindi, nami nikasinzia.

Asubuhi tuliingia Nairobi. Sikuiona Nairobi zaidi ya stesheni yake, kwa maana gari la Thika lilikuwa limesimama tayari. Tulipita stesheni iitwayo Kahawa, ambako malori ya jeshi yalikuwa yamepangwa safu kwa safu na wazungu vijana wakinyoana nywele kwenye jua. Baada ya hapo kila upande ulikuwa kahawa tupu, miti iliyosimama kwa mistari iliyonyooka hata macho yakachoka kuifuata.

Ruiru niliteremka peke yangu na mzigo wangu. Mji ulikuwa barabara moja ya maduka ya Wahindi, mti wa hapa na pale, na vumbi jekundu lililopanda mpaka kwenye madirisha. Jirani yetu wa reli alikuwa amenielekeza nimtafute Elam, fundi wa nguo wa kwetu aliyeshona kwenye baraza la duka moja. Nilimkuta anashona kaptula za shule. Kabla sijamaliza kumsalimu, Yona akatokea nyuma ya duka, amekonda, shati lake likiwa safi.

"Mirembe, dada," alisema.

"Mirembe. Funga mizigo yako. Mama anakungoja."

Hakubisha. Aliniletea kiti, akaninywesha chai, akaningoja nitulie ndipo aniambie. Afisa wa leba wa Thika, anayeangalia mambo ya wafanyakazi, alikuwa amekuja shambani baada ya malalamiko. Alisema sheria haiwakatazi wafanyakazi kuchagua mtu wa kuzungumza na meneja, akawapa ruhusa ya mkutano mmoja: Jumamosi mchana, ndani ya stoo ya kahawa, askari akiwa langoni. Kuhusu Yona alisema kesi yake ya kufukuzwa kazi haijaisha, kwa hiyo jina lake linaweza kutajwa pamoja na mengine.

"Nipe mpaka Jumamosi," Yona alisema. "Nikishindwa, nitapanda gari moshi pamoja nawe bila neno."

"Na ukishinda?"

"Nikishinda utamwambia mama nimeshinda."

Nilimkasirikia. Nilimwambia mama halali, na yeye anacheza michezo ya wazungu. Elam fundi aliendelea kukanyaga mashine yake. Mwishowe nilikubali kungoja, si kwa sababu nilimwelewa, bali kwa sababu nisingeweza kumbeba mgongoni.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda shambani kuchuma. Nisingeweza kukaa barazani siku zote hizo nikimla Elam unga wake, na msimu ulikuwa umepamba moto hata yeyote mwenye mikono alipewa debe na mstari. Shamba lilikuwa nje ya mji, ukielekea Mugutha, kwenye mteremko unaoshuka mpaka mtoni. Chini, karibu na maji, kulikuwa na faktari ya kukoboa kahawa, na harufu yake tamu yenye uchachu ilikufuata hata juu kabisa. Kahawa ilikuwa imeiva nyekundu, na nyingine ilikuwa imeanza kuanguka. Unavuta tawi, unachuma nyekundu, unaacha kijani, na kabla ya saa nne vidole vinanata kama umeshika asali.

Mstari uliopakana na wangu alichuma mwanamke wa Kikuyu wa makamo, mrefu, kitambaa kichwani na kikapu cha kiondo begani. Wenzake walimwita Nyina wa Gathoni, yaani mama yake Gathoni. Alikuja kila asubuhi na wanawake wengi kutoka kijiji walimokusanywa watu na serikali wakati wa vita vya msituni. Handaki lililokizunguka kijiji lilikuwa limeanza kufukiwa, lakini langoni askari alikuwa bado yupo, na bila pasi hakuna aliyetoka.

"Umetoka mbali," aliniambia.

"Maragoli. Mimi ni dada yake Yona. Nimekuja kumchukua."

Alichuma matawi mawili kwanza. "Usimchukue sasa," alisema. "Hapa tulikuwa tukinong'ona. Yeye alisema kwa sauti. Ukimchukua kabla ya Jumamosi, watu watarudi kunong'ona."

Nilimwuliza kama na wanawake watachagua. Alicheka, lakini si kwa furaha. "Hilo ndilo tunalongoja kusikia," alisema.

Tulilisikia Ijumaa, pale penye kupimia madebe. Kazi ilikuwa imesimama kidogo tukingoja trekta, na maneno yakaanza yenyewe. Mzee mmoja wa kupogoa miti alisema wanaostahili kuchagua ni wanaume wa kambini, wanaolala hapa shambani na wenye kazi ya mwezi, si wanawake wa kibarua. Mwingine, wa upande wetu wa magharibi, naona haya kusema, alisema wale wa kijijini si watu wa shamba kwa sababu jioni wanarudi kwao. Nyapara Zakayo naye alikuwa amesimama pale na filimbi yake shingoni. Alikuwa Mnyore, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini. Watu walimwogopa, lakini sikumsikia mtu akisema ni mwongo.

"Mimi nimekaa hapa tangu miti hii ikiwa miche," Zakayo alisema. "Kura yangu iwe sawa na ya mtu aliyekuja msimu huu?"

Yona hakuruhusiwa kuingia shambani, lakini njia ya watu wote ilipita kando ya pale penye mizani, na alikuwa amesimama njiani. Alijibu kutoka huko huko.

"Mzee Zakayo, kama kura ya nyapara ni nzito kuliko ya mchumaji, basi ya meneja ni nzito kuliko zetu zote tukiziweka pamoja. Tutakuwa tumerudi pale pale."

Nami, ambaye nilikuwa nimeapa kutoingia katika mambo hayo, nikajikuta nawasimulia habari ya seremala wa Butere na kura tatu za mwalimu mkuu. Niliwauliza kama wanataka kufanya hapa shambani kile kile walichofanyiwa na serikali. Mzee wa kupogoa alitazama chini.

Ndipo Nyina wa Gathoni akaweka kiondo chake chini. "Nyumba yangu ilibomolewa, nikaambiwa nijenge pale," alisema. "Nikaambiwa saa ya kutoka na saa ya kuingia. Katika uchaguzi uliopita nikaambiwa sina cheti cha kuonyesha mimi ni mwaminifu kwa serikali. Hayo yote yalifanywa na watu wasionijua. Ninyi mnanijua. Tunachuma mti mmoja, ninyi upande huu na mimi upande huu. Mkininyima na ninyi, mtaniambia nini Jumatatu?"

Yule wa kwetu aliyewakataa watu wa kijijini ndiye aliyekubali kwanza, akasema basi, kila anayechuma, kila anayepogoa, kila anayefanya kazi faktari, wa mwezi na wa kibarua, awe na moja. Wengine wakaitikia. Mimi nikasema sitachagua, kwa kuwa ni mgeni na ningeondoka. Wakaona ni sawa.

"Basi na mimi mniwekee debe la kura," Zakayo alisema. "Nione nina watu wangapi."

Wanawake waliokuwa nyuma wakasema wao pia wana mtu wao, wakamsukuma Nyina wa Gathoni mbele. Kwa hiyo wagombea wakawa watatu.

Jumamosi asubuhi, tukiwa barazani kwa Elam, ilikuja shida ambayo hatukuifikiria. Watu walikuwa wamesema kila mmoja atatia punje moja ya kahawa katika debe la anayemtaka. Elam fundi, ambaye maisha yake yote ameyamaliza akihesabu vipande vya nguo, akauliza: kahawa iko kila mahali hapa, ni nini kitakachomzuia mtu kuingia na mfuko mzima? Elam akaingia dukani, akarudi na makopo ya vifungo vya shati, vyeupe, vyote vya aina moja, vile vya kaptula na mashati ya shule. Kila mtu atapewa kimoja mlangoni.

Saa ya mkutano ilipofika, tulipanga stoo hivi. Ilikuwa na milango miwili. Mtu aliingia wa mbele na kutoka wa nyuma, na aliyetoka alivuka mfereji akakaa ng'ambo mpaka mwisho, asije akazunguka akarudi. Katikati tulitundika magunia kama pazia. Nyuma ya magunia kulikuwa na madebe matatu. Kwa kuwa wengi hawakusoma, juu ya debe la Zakayo tuliweka filimbi, juu ya la Yona mkasi wa kupogolea, na juu ya la Nyina wa Gathoni kiondo. Mwanamke wa kwanza kujaribu alidondosha kifungo na debe likalia hata wa mlangoni wakasikia. Tukasimamisha kila kitu, tukatandika gunia ndani ya kila debe, tukaanza upya.

Wa kulinda madebe tulikuwa wanawake watatu, kila mgombea na mtu wake, ili asiwepo wa kumshuku mwenzake. Mke wa Zakayo, Rebeka, alikaa karibu na mlango wa mbele akigawa vifungo. Gathoni, binti wa yule mama, kitoto chake kikiwa kimelala mgongoni, alisimama mlango wa nyuma. Mimi nilikaa kando ya pazia, nimeyapa madebe mgongo, kuangalia kwamba anaingia mmoja mmoja.

Mzee wa kupogoa alipopewa chake alikigeuza kiganjani akasema, "Miaka yote hii serikali imetupa kifungo, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimekipokea kwa mkono." Mstari mzima ulicheka, hata askari wa langoni. Baada ya hapo woga uliokuwa umewakaa watu ulilegea. Waliingia wakiwa wamenyamaza, kama watu wanaoingia kanisani, na walipotoka ng'ambo ya mfereji nyuso zilikuwa nyingine. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Nimemaliza. Hakuna aliyenishika mkono."

Kuhesabu kulifanyika nje, kwenye meza za kuanikia kahawa, mbele ya watu wote. Tulipanga vifungo kumi kumi, kila debe na mstari wake. Mstari wa Zakayo uliishia mapema, ingawa ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Mstari wa Yona ulizidi kusogea, na moyo wangu ukasogea nao. Wa Nyina wa Gathoni ulikuwa sawa na wake, halafu ukampita, na ukaendelea. Wanawake wa ng'ambo walikuwa wameshavuka mfereji wote, na hakuna aliyewarudisha. Elam alihesabu mara ya pili. Zakayo mwenyewe akahesabu mara ya tatu, kidole chake kikubwa kikipita juu ya kila kifungo, kisha akasema, "Ni huyu mama."

Sauti iliyotoka pale sijawahi kuisikia tena. Wanawake wa Kikuyu walipiga vigelegele vitano, kama wanavyofanya mtoto wa kiume anapozaliwa, na wetu wakajibu kwa vya kwetu. Watu wa kambini na watu wa kijijini walikamatana mikono wakacheza juu ya vumbi la kahawa. Nyina wa Gathoni hakucheza. Alisimama ameshika meza kwa mikono miwili kana kwamba inaweza kuondoka.

Nilimtafuta Yona. Alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa nje ya lango, kwa kuwa hata siku hiyo hakutaka kumpa mtu sababu ya kusema ameingia. Nilikuwa na uchungu. Nilimwambia watu hawa hawana shukrani, kwamba kama si yeye wasingekuwa na cha kuhesabu.

Nilimjua tangu utotoni, na niliona amechomwa.

"Sikuwaambia wanichague mimi," alisema. "Niliwaambia wachague." Akasimama, akajifuta suruali, na Nyina wa Gathoni alipotoka langoni akamwendea akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, sasa wewe ndiwe wa kusema. Kazi yangu ni kukusikiliza."

Jumatatu asubuhi, kabla mimi na Yona hatujafunga mizigo, meneja alikataa. Alisema yeye hawezi kuzungumza mambo ya shamba lake na kibarua wa kijijini, mwanamke, na kwamba Zakayo ataendelea kama zamani. Nyina wa Gathoni aliwarudia watu akawaeleza hivyo hivyo, bila kuongeza. Kisha akasema kila mtu aende kwenye mstari wake, akae chini ya mti wake, na asivunje wala asitukane. Shamba lote likakaa. Lilikuwa jambo la kutisha na zuri kuliona: mistari ile mirefu, kahawa nyekundu ikidondoka yenyewe, na watu wametulia wanaongea habari za nyumbani.

Tukaenda Thika kumwona afisa wa leba: Nyina wa Gathoni, Yona, na mimi wa kushuhudia. Tulipofika barabarani tukasikia mtu anatuita. Alikuwa Zakayo, amevaa koti lake la kanisani.

"Kama mnakwenda kueleza yaliyotokea," alisema, "nami nilikuwepo."

Tulipanda basi. Njia ya Thika ilipita kahawa, halafu mkonge, ukiwa umetoka ardhini kama visu vya kijivu, na kwa mbali moshi wa viwanda. Kabla ya mji kulikuwa na kizuizi, askari akaingia kuangalia pasi. Alikaa sana na ya Nyina wa Gathoni.

"Unakwenda Thika kufanya nini?"

"Nimetumwa," alimjibu.

"Na nani? Bwana gani?"

"Na wafanyakazi wenzangu."

Askari alimtazama, akaitazama pasi, akatutazama sisi tuliokaa naye. Nadhani jibu hilo halikuwemo katika yale aliyofundishwa, kwa hiyo akamrudishia pasi akashuka.

Afisa wa leba alikuwa mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha kuvunjika. Alitusikiliza, kisha akamgeukia Zakayo. "Wewe nyapara. Meneja nasema wewe iko mtu yake. Hii kura iko ya kweli, ama watu natishwa?"

Mtu yule angeweza kuyamaliza yote kwa neno moja na kurudi kwenye cheo chake.

"Bwana," Zakayo alisema, "mke wangu ndiye aliyegawa vifungo. Mimi mwenyewe nilihesabu. Walionitaka niliwaona, na walionikataa niliwaona, na waliomtaka huyu mama ni wengi kuliko wangu na wa Yona. Meneja akiniuliza watu wanataka nini, nitamwambia amwulize huyu mama. Mimi sijui tena, na wao wamesema."

Afisa alimpigia meneja simu. Hatukusikia yote, lakini tulisikia akirudia kwamba kahawa haitangoja. Alipoiweka chini alituambia turudi Ruiru, na kwamba yeye mwenyewe atakuja nyuma yetu na gari.

Mchana huo, kwenye baraza la ofisi ya shamba, viti vitatu viliwekwa. Meneja alikaa upande mmoja, afisa katikati, na kiti cha tatu kikawa cha Nyina wa Gathoni. Sisi wengine tulisimama chini, na nyuma yetu shamba zima. Alikaa polepole, akapanga nguo yake magotini. Meneja alimwuliza, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa, ni jambo gani analotaka kuanza nalo. Wengi tulidhani ataanza na kipimo cha debe tulilolipwa kwalo, ambacho kilikuwa kilio cha kila mtu.

"Naanza na Yona," alisema. "Alifukuzwa kwa kusema jambo ambalo leo afisa wa serikali amelikubali. Arudi kazini na nyumbani kwake. Tukimaliza hilo ndipo tutaingia kwenye debe."

Walibishana. Meneja alisimama mara moja, akaketi tena. Jua lilikuwa bado juu alipokubali Yona arudi. Tulipokiona kichwa chake kikiinama kwa afisa, hakuna aliyepiga kelele. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakachukua vikapu vyao, wakarudi kuchuma kile ambacho hakijaanguka. Nami nilikwenda nao, nikachuma mpaka trekta la mwisho, na sikumbuki kazi iliyowahi kunipendeza kama ile.

Yona alinisindikiza stesheni ya Ruiru. Hakuna aliyemtaja mama mpaka gari lilipoonekana. Hapo akasema, "Nilikuahidi nikishindwa tutarudi pamoja. Utamwambia nini?" Nikamwambia nitamwambia yuko kazini. Nyina wa Gathoni naye alikuwa amekuja kunishika mkono, pasi yake ikichungulia mfukoni. "Mwambie mama yako tutamtunza," alisema. Gari likaondoka.

Maragoli nilifika jioni ya siku ya pili. Mama alitazama nyuma yangu kwanza, akaona niko peke yangu, akaketi. Nilimsimulia tangu mwanzo. Hakuniuliza habari za meneja wala za afisa. Aliuliza tu, "Huyo mwanamke, hata wanaume walimchagua?"

"Hata wanaume."

"Na Yona hakukasirika?"

"Alikasirika kidogo. Halafu akamshika mkono."

Mama aliinuka kwenda kuchochea moto, na nilimsikia akicheka peke yake jikoni.

Nimeulizwa na wengi nilijifunza nini. Nilipokwenda nilijua uhuru ni jambo la wakubwa wanaokwenda London, na kwamba sisi tutapelekewa habari litakapokwisha. Niliporudi nilijua kwamba ile sababu inayowafanya watu waikatae serikali ya kutoka ng'ambo ndiyo ile ile iliyowakalisha watu chini ya miti ya kahawa: mtu mzima hawezi kusemewa milele na asiyemchagua. Nilijua pia kwamba jambo hilo ni gumu kwa pande zote. Ni lazima umkubali jirani yako awe mmoja kamili kama wewe, halafu ukubali akishinda.

Muda si mrefu chifu wetu mdogo aliita mkutano kanisani. Alisema serikali inataka mwanamke mmoja katika kamati ya kata, na kwamba amekwisha kumteua mke wa karani. Nilisimama. Kabla sijafungua mdomo wanawake niliokuwa nimewasimulia safari yangu walisimama pia, benchi baada ya benchi.

"Haya," chifu alisema, "mnataka nini?"

"Tunataka tuulizwe," nikamwambia.

"Si ndiyo nawauliza?"

Na kweli, alikuwa ametuuliza. Tukaketi, tukaanza kutaja majina.